Ninamuuguza mdogo wangu mwenye skizofrenia, na kuna siku namchukia

"Daktari, mdogo wangu ana miaka 27. Huu ni mwaka wa sita tangu tuambiwe ana ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Baba alishafariki, mama ni mtu mzima na presha inamsumbua, kwa hiyo kila kitu ni mimi. Dawa namhesabia mimi, kliniki nampeleka mimi, usiku akianza kuongea na watu nisiowaona, ninayeamka ni mimi. Mchana kutwa analala, haogi mpaka nipige kelele, na ukimwambia anaumwa anasema wanaoumwa ni sisi. Majirani wameacha kuja kwetu. Ndugu wengine wanasema ni laana, wengine wanasema mama alimdekeza. Kuna mtu tulikuwa tumeshapanga kuoana. Alipojua habari za nyumbani kwetu akaanza kupunguza simu, sasa hapigi kabisa. Wiki mbili zilizopita mdogo wangu alitupa vidonge vyake chooni, nami nikamwambia mbele ya mama kwamba afadhali angekufa. Hakujibu kitu, akaingia chumbani. Tangu siku hiyo silali. Je, nimemwongezea ugonjwa? Na haya yataisha lini? Naogopa hata kusema kwamba kuna siku namchukia."

Dada yangu, kabla sijagusa swali lako hata moja, kuna mambo mawili ya kufanya leo.

La kwanza ni vidonge. Hujaniambia kama mdogo wako amerudi kuvimeza. Kama bado, usingoje tarehe yake ya kliniki. Nenda kamweleze daktari wake, hata kama yeye mwenyewe atakataa kuongozana nawe. Dawa hizi zikiachwa, ugonjwa haurudi kesho yake. Zinaweza kupita wiki, hata miezi, mtu akionekana mchangamfu kuliko alivyokuwa, familia ikaanza kuamini kwamba dawa ndizo zilizokuwa zikimlaza. Kisha ugonjwa unarudi, na hakuna anayekumbuka vidonge vilivyotupwa. Utafiti wa mwaka 1999 uliowafuatilia wagonjwa kuanzia walipougua mara ya kwanza uliona kwamba walioacha dawa walikuwa na hatari ya kurudiwa karibu mara tano ya walioendelea nazo.

La pili ni gumu zaidi. Muulize kama anafikiria kufa. Tumia maneno hayo hayo, kwa sauti ya chini, mkiwa wawili. Watu wengi huogopa kwamba kumuuliza ni kumtia wazo kichwani. Sivyo. Kuulizwa humpa mtu nafasi ya kutua mzigo aliokuwa akiubeba kimya. Karibu watu 5 kati ya 100 wenye skizofrenia hufa kwa kujiua, na hatari ni kubwa zaidi miaka ya mwanzo ya ugonjwa. Sikwambii haya ili nikulaumu kwa ulichotamka. Nakwambia kwa sababu aliingia chumbani bila neno, na ukimya wa wagonjwa hawa tunausoma vibaya mara nyingi. Akikubali kwamba anafikiria kufa, au akisema kuna sauti zinazomwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwako.

Unaogopa kusema kwamba kuna siku unamchukia. Mwaka 1980 huko Marekani, Steven Zarit na wenzake walitunga dodoso la kupima mzigo wa watu wanaouguza ndugu zao, wakianzia na wanaouguza wazee waliopoteza kumbukumbu. Dodoso hilo, ambalo sasa lina maswali 22, limeshatumiwa na familia za wagonjwa wa kila aina. Linauliza kama unapata hasira ukiwa karibu na mgonjwa wako. Linauliza kama unaona aibu kwa anayoyafanya, na kama unatamani kumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Unaona? Jambo unalodhani ni siri yako peke yako limechapwa kwenye karatasi, linasubiri tu kuwekewa alama. Watu hawatungi swali kwa ajili ya jambo linalompata mmoja.

Hicho unachokiita chuki, mimi nikikitazama naona uchovu na naona msiba. Uchovu unaujua: miaka sita bila usiku mmoja wa kulala ukiwa na hakika kwamba hutaamshwa. Msiba huenda hujaupa jina lake. Kijana uliyemjua akiwa na miaka 20, mwenye utani wake na mipango yake, hayupo kama alivyokuwa, na wakati huo huo yupo, amelala chumba cha pili. Pauline Boss, mtafiti wa familia, amekuwa akiandika tangu miaka ya 1970 kuhusu majonzi ya aina hii, ya kumpoteza mtu ambaye bado yuko mbele yako. Ni msiba usio na mazishi. Hakuna aliyekuja kukupa pole, na hakuna siku iliyotangazwa kwamba sasa lieni. Majonzi yasiyoruhusiwa kulia hutoka kama hasira, na hasira humwendea aliye karibu.

Kuhusu laana na kudekezwa, naomba umsomee mama sehemu hii, kwa maana nina hakika yeye naye halali. Skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo. Wakati wowote ule, takriban mtu 1 kati ya 300 duniani anaishi nao, katika kila jamii, matajiri kwa maskini, wacha Mungu na wasio na dini. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au miaka ya ishirini, kwa wanaume mapema kuliko kwa wanawake, na ndiyo sababu huonekana kama umemwangukia mtu aliyekuwa mzima kabisa. Urithi una nguvu kubwa lakini hauamui peke yake: pacha wa kufanana akiugua, mwenzake huugua kwa takriban nusu ya nafasi au pungufu. Kilichobaki kinatokana na mambo mengi yanayougusa ubongo kuanzia tumboni hadi ujanani, ikiwamo matatizo ya wakati wa kuzaliwa na uvutaji wa bangi katika umri mdogo. Malezi ya kudekeza hayamo. Na hata sisi wataalamu tuna deni kwa akina mama katika hili. Mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann, daktari mashuhuri wa akili, alieneza dhana kwamba mama mwenye tabia fulani ndiye anayezalisha ugonjwa huu kwa mwanawe. Dhana hiyo haikuwa na ushahidi, lakini ilitesa familia kwa miongo kadhaa kabla ya kutupwa. Maneno ya ndugu zako ni mabaki yake, hata kama hawajawahi kulisikia jina hilo.

Nikae kidogo kwenye kulala mchana na kutokuoga, kwa sababu hapo ndipo ugomvi wenu unapoanzia kila siku. Watu wengi wanaijua skizofrenia kwa sauti na imani zisizo za kweli, kama vile kuamini kwamba majirani wanakufuatilia. Hizo ni dalili za kuzidi. Kuna upande wa pili, dalili za kupungua: msukumo wa kuanza jambo unazimika, furaha inafifia, uso haubebi hisia, maneno yanakuwa machache. Ubongo wenye afya ukifikiria kuoga, kuna kitu ndani kinachosukuma mwili uinuke. Kwake kitu hicho ni dhaifu. Anaweza kujua kwamba ananuka, akakubali kwamba ni vema kuoga, na bado asinyanyuke. Ukitazama kwa nje huwezi kuutofautisha na uvivu, na dawa tulizonazo hutuliza sauti vizuri kuliko zinavyorudisha msukumo huo. Ndiyo maana familia nyingi huvumilia miaka ya vurugu, halafu huvunjika moyo katika miaka ya utulivu. Mtu aliyekuwa akipiga kelele walimwona mgonjwa. Anayelala tu wanamwona mkaidi.

Na anaposema wanaoumwa ni nyinyi, hakukejeli. Wagonjwa wengi wa skizofrenia hawawezi kuuona ugonjwa wao, kwa kuwa kiungo ambacho kingeutambua ndicho chenyewe kinachougua. Kumshindisha kwa hoja ni sawa na kumwamuru mwenye mguu uliovunjika akimbie. Acha mjadala wa anaumwa au haumwi. Miaka sita imetosha. Akikwambia kuna watu wanamsema usiku, usimwambie hakuna watu, wala usikubali kwamba wapo. Jibu hisia iliyo chini ya maneno: "Mimi siwasikii, ila naona wamekunyima usingizi. Pole. Tufanye nini upate kulala?" Hapo mmekutana kwenye jambo ambalo wote mnalikubali, usingizi, na mara nyingi mtu hukubali dawa kwa sababu ya usingizi kabla hajaikubali kwa sababu ya ugonjwa.

Je, umemwongezea ugonjwa? Nitakujibu kwa ukweli wote, pamoja na ule usiopendeza.

Miaka ya 1950 mjini London, George Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali za akili. Waliona jambo ambalo halikutarajiwa: waliorudi kwa wazazi au kwa wake zao waliugua tena zaidi kuliko waliokwenda kupanga vyumba au kukaa kwa kaka na dada zao. Walipochimba zaidi wakakuta kwamba kinachopima hatari ni hewa ya nyumba. Nyumba yenye lawama za kila mara, uadui, au kumbeba mtu mzima kama mtoto mchanga, humrudisha mgonjwa hospitali haraka. Mwaka 1976 Christine Vaughn na Julian Leff walithibitisha hilo, wakaona kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo mgonjwa hakumeza dawa na alikaa uso kwa uso na ndugu mwenye lawama hizo zaidi ya saa 35 kwa wiki.

Usilichukue hilo kama hukumu. Lawama za nyumbani hazisababishi skizofrenia. Sentensi moja, hata ile uliyoitamka, haimrudishii mtu ugonjwa. Kinachopimwa ni mazoea ya siku hadi siku. Tena njia ina pande mbili, kwa maana mgonjwa asiyetulia huchosha nyumba, na nyumba iliyochoka hulaumu. Nimeona familia zikiondoka zinalia baada ya kuelezwa utafiti huu vibaya, kana kwamba lawama ya mwaka 1948 imerudi kwa mlango wa nyuma. Mimi nausoma kwa furaha. Kama hewa ya nyumba inaweza kuongeza hatari, basi inaweza kuipunguza, na majaribio mengi ya kuzielimisha familia na kuzifundisha mawasiliano yameonyesha kwamba ugonjwa hurudi kwa nadra zaidi.

Kwako wewe ningeanza na kupunguza saa. Namba 35 inashangaza mtu kama wewe ambaye huenda anazimaliza kabla ya siku ya nne. Kutoka nyumbani mchana kwenda kazini, kutembelea rafiki, au hata kukaa tu mahali pengine ni sehemu ya matibabu ya mdogo wako. Halafu punguza maneno. Ombi moja, fupi, kwa wakati mmoja: "Maji yako tayari, nenda ukaoge sasa," na uondoke mlangoni. Usiunganishe na jana, wala na nduguze waliofanikiwa. Akioga, mwambie umeona. Yapo mambo anayoweza kuachiwa, hata ayafanye vibaya, kama kujikumbusha kidonge cha usiku ukiwa unamtazama tu.

Kuhusu dawa, jiulize kwa nini alitupa vidonge. Hasira inatuambia ni ukaidi, lakini mara nyingi kuna sababu ambayo hakuna aliyeiuliza. Dawa hizi hunenepesha, huleta usingizi mzito, hutetemesha mikono, huvuruga nguvu za kiume. Baadhi huleta hali ya miguu kutotulia, mtu anatembea huku na huko usiku kucha, na familia inadhani ugonjwa umepanda. Mengi ya hayo hurekebishika kwa kubadili dawa au kiasi. Kuna pia sindano ya kukaa muda mrefu, inayochomwa kila wiki mbili, kila mwezi, au zaidi ya hapo kwa baadhi ya dawa. Faida yake kwenu ni kubwa: ugomvi wa kila siku wa vidonge unakwisha, na wewe unaacha kuwa askari wake. Hasara ni kwamba madhara yakitokea huwezi kuitoa mwilini siku hiyo. Kama ameshatumia dawa mbili tofauti kwa kiasi na muda wa kutosha bila nafuu, uliza kuhusu klozapini, ambayo huwasaidia wengi walioshindikana kwa dawa nyingine, ila inadai vipimo vya damu vya mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe. Usimsagie dawa kwenye chakula kwa siri. Akigundua, imani yake kwamba watu wanamwekea sumu itakuwa na ushahidi, na ushahidi huo utakuwa umempa wewe.

Majirani na mchumba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hao wanaowasema hawajalala kwenye kitanda chenu. Mwanasosholojia Erving Goffman alieleza mwaka 1963 kwamba aibu anayobandikwa mtu huwarukia na walio karibu naye: ndugu, mke, hata rafiki. Wewe huumwi, lakini unatazamwa kama unayeumwa. Wengi hujilinda kwa kuficha, na nadhani ndivyo mlivyofanya. Kuficha kuna gharama yake. Hukaribishi mtu, hujibu maswali, huombi msaada kwa kuwa kuomba ni kufichua, na taratibu nyumba nzima inajifungia pamoja na mgonjwa. Sikushauri utangaze. Chagua mtu mmoja au wawili wenye utu, uwaambie kwa maneno machache: ni ugonjwa wa ubongo, unatibiwa, na ninachohitaji ni ukae naye Jumamosi kwa muda wa saa mbili. Watu wengi hukimbia kwa sababu hawajui wafanye nini. Ukiwapa jambo moja dogo, baadhi hurudi. Na kwa wanaoogopa kudhuriwa, walio wengi kati ya wenye skizofrenia hawamdhuru mtu yeyote, na wao wenyewe hudhulumiwa na kupigwa kuliko wanavyopiga. Hata jina lenyewe linaweza kuumiza. Japani walilibadilisha mwaka 2002, kwa sababu jina la zamani lilimaanisha akili iliyopasuka na familia zilikuwa haziwezi kulitamka. Familia za wagonjwa ndizo zilizoanza kudai mabadiliko hayo.

Kuhusu mchumba, siwezi kujua moyoni mwake kuna nini. Kama hofu yake ni watoto, ukweli ni huu: mtoto ambaye mjomba wake ana skizofrenia ana uwezekano wa karibu 4 kati ya 100 wa kuugua, dhidi ya takriban 1 kati ya 100 kwa watu wote, ukihesabu maisha yao yote. Umeongezeka, ndiyo, lakini watoto 96 hawaugui. Mweleze mara moja, waziwazi. Akiendelea kunyamaza baada ya kujua, hiyo ni habari kuhusu yeye.

Umeuliza haya yataisha lini. Shirika la Afya Duniani linasema angalau mtu 1 kati ya 3 wenye skizofrenia anaweza kupona kabisa. Wengine huishi na vipindi vya kuugua na vya kutulia, na wengine hubaki na ugonjwa mzito. Kwa wengi, vurugu za miaka ya mwanzo hupungua kadiri umri unavyosonga. Siwezi kukuahidi kundi gani ni lake. Ninachojua ni kwamba mpango wa maisha yako haupaswi kusubiri jibu hilo, kwa sababu mlezi aliyesimamisha kila kitu hadi mgonjwa apone humdai mgonjwa deni ambalo hawezi kulilipa. Kaeni kikao cha familia. Ndugu wanaosema laana waje, mmoja achukue siku za kliniki, mwingine asaidie fedha za dawa, mwingine alale kwenu usiku mmoja kwa wiki. Asiyeweza kuchangia chochote, basi asichangie na maneno. Uliza pia hospitalini kama kuna kikundi cha familia za wagonjwa. Kukaa na watu ambao huna haja ya kuwaeleza kitu kunapumzisha kwa namna ambayo ushauri wangu hauwezi.

Na wewe mwenyewe umefikia pa kumwona mtu ana kwa ana. Wiki mbili bila usingizi na hatia inayokula moyo zinatosha kuwa sababu. Ukikuta pia kwamba huna hamu ya kitu, unalia bila sababu, au unatamani usiamke, usingoje wiki ya tatu. Nenda kama mgonjwa, uandikishwe jina lako, usijiunganishe kwenye miadi yake. Huzuni ya walezi hutibika.

Limebaki neno lile ulilomwambia. Usisubiri siku ya kulizungumza kwa kirefu, kwa maana maneno mengi humchanganya. Mkute akiwa ametulia, ukae, usisimame juu yake. Mwambie: "Siku ile nilisema neno baya. Nilikuwa nimechoka na nimeogopa. Sitaki ufe." Usimtajie vidonge hapo, na usidai akusamehe. Huenda asiseme kitu, huenda akageukia ukutani kama siku ile. Uso wake haubebi tena kila kinachopita ndani, lakini anasikia. Na mama alilisikia neno hilo, basi naye aisikie samahani yake.